Kwa Nini Sisimizi Hurudi Baada ya Siki na Majivu

Mvua za kwanza zinapoanza kunyesha Mtwara na Lindi, kwa kawaida kati ya Novemba na Desemba, nyumba nyingi hupata wageni wa namna moja. Msururu mwembamba hutoka kwenye ufa wa sakafu, hupanda ukuta wa jikoni, hupita nyuma ya kabati na kuishia kwenye kopo la sukari au kwenye sufuria yenye mabaki ya mchuzi wa samaki. Siku hizohizo simu nazo hujaa ujumbe wa sauti unaosambazwa kutoka kundi moja hadi jingine: mmoja anaapa kwamba siki imewamaliza sisimizi wote nyumbani kwake, mwingine anasema siki ni kupoteza fedha na kwamba dawa ni majivu ya vifuu, wa tatu anashauri semolina kwa hoja kwamba itavimba tumboni mwa mdudu na kumpasua. Ninaamini kwamba wengi wao wanaeleza kwa ukweli walichokiona. Aliyetumia siki aliona jiko likiwa safi jioni ile. Aliyemkanusha aliwaona wamerudi baada ya siku mbili.

Kinachowagombanisha ni neno dawa. Mtu mwenye malaria akimeza Panadol, homa hushuka naye huweza kuamka na kufanya kazi zake, lakini vijidudu vya malaria vimo bado katika damu yake mpaka atakapotumia mseto, dawa inayoviua vijidudu vyenyewe. Hakuna anayesema Panadol ni ya uongo. Inafanya kazi yake, ila kazi yake si ile ya mseto. Dawa za sisimizi zimegawanyika hivyohivyo. Zipo zinazofuta njia, zipo zinazoua wale wanaoonekana, na zipo chache mno zinazofika kiotani, na karibu ugomvi wote unaosikika katika ujumbe wa sauti unatokana na mtu kutarajia dawa ya kundi moja ifanye kazi ya kundi jingine.

Kwanza, ni mdudu yupi

Sisimizi, ambao wengine huwaita chungu, ni wadudu wadogo, weusi, wa kahawia au wa manjano iliyofifia, wanaoishi kwa jamaa kubwa ndani ya udongo, katika nyufa za kuta au chini ya vitu vilivyolala mahali pamoja muda mrefu. Siafu ni ndugu zao, ila ni wawindaji wanaotembea kwa jeshi na kuhamahama. Maji moto, wale wa rangi ya kahawia nyekundu wanaoshona majani ya mwembe na ya mkorosho yakawa mfuko, nao ni wa ukoo huohuo. Mchwa si wa ukoo huo hata kidogo, ingawa mazungumzo yetu ya kila siku huwachanganya wote pamoja. Mchwa ni jamaa wa mende, ilhali sisimizi ni jamaa wa nyuki na nyigu.

Tofauti hii ina gharama yake. Mtu anayemwaga siki kwenye njia za udongo zinazopanda boriti za nyumba yake anapoteza siki na anapoteza muda, kwa kuwa mchwa hula mti, huishi ndani ya vichochoro vilivyofunikwa, na hawana haja na sukari ya mtu. Njia rahisi ya kuwatofautisha ni kiuno: sisimizi ana kiuno kilichobanwa kama uzi, na mchwa ana mwili ulionyooka usio na kiuno. Baada ya mvua, jamaa zote mbili hutoa wadudu wenye mabawa. Kumbikumbi, ambao ni mchwa, wana mabawa manne yanayolingana urefu na yanayodondoka kwa kuguswa tu. Sisimizi mwenye mabawa ana yale ya mbele marefu kuliko ya nyuma. Anayekuta rundo la mabawa matupu kila asubuhi ndani ya chumba kilichofungwa aache habari za siki, amwite fundi akague boriti na fremu za milango.

Waliotumwa sokoni

Sisimizi anayeonekana jikoni ni kibarua. Ni jike asiyezaa, na kazi yake kwa siku hizo ni kutafuta chakula. Nyuma yake, ndani ya kiota, wapo vibarua wengine wengi zaidi ambao hawatoki nje, wanaolea mayai na mabuu, na yupo malkia, au malkia kadhaa, ambaye kazi yake ni kutaga. Ni kama nyumba yenye shughuli ya harusi. Wale wanaokwenda sokoni kununua mchele na nazi ni watu wawili watatu, ilhali nyumbani wapo wanaokuna nazi, wanaopika, wanaolea watoto na bibi anayesimamia yote kutoka kwenye mkeka wake. Ukiwazuia wale watatu wasirudi, shughuli haitavunjika. Nyumba itatuma wengine. Hii ndiyo sababu mtu anaweza kuua sisimizi mia mbili kwa dawa ya kupulizia na kukuta mia mbili wengine kesho yake, kisha akadhani kwamba dawa ile imechakachuliwa.

Waliotumwa huzungumza kwa harufu. Sisimizi aliyepata chakula hurudi kiotani akigusisha tumbo lake chini na kuacha nukta za kemikali ambazo wenzake huzifuata. Kila anayepita na kufanikiwa huongeza harufu yake juu ya ile iliyopo, kama ujia wa kwenda shambani unavyozidi kuwa mweupe kadiri watu wanavyoupita, na unavyomezwa na majani watu wakiuacha. Chakula kikiisha, wanaorudi mikono mitupu hawaweki harufu tena, na njia hufifia yenyewe.

Jambo la tatu, na ambalo watu wengi hulisikia kwa mshangao, ni kwamba sisimizi mkubwa hali chakula kigumu. Kinywa chake huchuja, kikapitisha majimaji tu. Punje za chakula hubebwa hadi kiotani na kupewa mabuu, ambao huzisaga na kutoa majimaji yanayogawiwa wakubwa. Hapo ndipo hadithi ya semolina inapoangukia. Hakuna punje ya semolina inayoingia tumboni mwa kibarua ikapata nafasi ya kuvimba. Anaweza kuibeba, akaonekana akiibeba, na mtu akafurahi kwamba ameibeba sumu kwenda nayo kwao, kumbe amewapelekea watoto chakula.

Hadithi ya bikabonati, ile soda ya unga inayotumika kwenye keki, imejengwa juu ya msingi wa namna hiyohiyo: kwamba hutoa gesi tumboni na mdudu hana pa kuitolea. Watu huichanganya na sukari ya unga na kuiacha kwenye kifuniko, na kwa kawaida sukari hupungua huku unga mweupe ukibaki, maana sisimizi wanajua kuchagua. Sioni sababu ya kuitegemea. Ila naomba mtu yeyote asiibadilishe na kostiki, ile inayotumika kutengeneza sabuni, kwa kudhani kwamba zote ni soda. Kostiki huunguza ngozi na macho, na ikimezwa na mtoto huchoma koo lake.

Dawa zinazofuta njia

Katika vitu vyote vilivyomo jikoni, kinachostahili sifa zaidi ni maji ya sabuni, na ndicho kinachosifiwa kidogo kuliko vyote, labda kwa kuwa hakina mvuto wa siri. Vijiko viwili vya sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, au povu zito la sabuni ya mche, hufanya kazi mbili kwa pamoja. Sisimizi akiangukia kwenye ndoo ya maji matupu huelea, kwa sababu uso wa maji una kitu kama ngozi inayomshikilia mdudu mwepesi. Sabuni huikata ngozi hiyo. Maji yakapenya kwenye vitundu vidogo vya ubavuni ambavyo mdudu huvutia hewa, naye hufa kwa dakika chache. Wakati huohuo sabuni huondoa mafuta yaliyobeba harufu ya njia, kama inavyoondoa mafuta ya samaki kwenye sahani. Futa msururu wote, kuanzia kwenye chakula mpaka kwenye ufa wanakotokea, kisha rudia kesho yake. Wengi hufuta pale kwenye meza tu na kuacha mita mbili za ukuta zikiwa bado zimeandikwa anwani.

Siki na maji ya ndimu ni za kundi hilohilo. Huvuruga harufu, huwachanganya waliopo njiani, na zikiwalowesha vizuri huwaua baadhi yao, lakini harufu yake ikikauka kazi imekwisha. Kwenye sakafu ya saruji au ya terazo siki ikitumiwa kila siku hula uso wa sakafu, jambo ambalo sabuni hailifanyi.

Majivu yana historia ndefu katika nyumba zetu, na yana mantiki yake. Unga ule laini hushika miguu ya mdudu, hukwaruza na kunyonya nta inayozuia mwili wake usikauke, na humfanya apotee njia. Sharti lake ni ukavu. Majivu yaliyolowa ni tope tu, na msimu ambao sisimizi huingia ndani ndio msimu wa unyevu, ndiyo maana bibi aliyesifu majivu Septemba anaweza kuyalaumu Januari bila yeye wala majivu kuwa na kosa. Yawekwe kwa mstari mwembamba nje ya kizingiti, chini ya dari, na yabadilishwe yakilowa. Majivu ya vifuu au ya mkaa hayana siri yoyote ya pekee juu ya majivu mengine.

Karafuu, mdalasini, pilipili na majani ya mwarobaini hufukuza kwa harufu. Mafuta ya karafuu yana nguvu ya kweli dhidi ya wadudu, lakini punje nne zilizokaa kwenye kabati tangu Ramadhani iliyopita zimebaki mapambo. Mwarobaini umesifiwa kupita kiasi katika suala hili. Kiungo chake chenye nguvu huharibu ukuaji wa wadudu wachanga wanaokila, na kwa hiyo kinafaa shambani kwa viwavi wanaotafuna majani. Kibarua anayepita tu juu ya jani la mwarobaini hadhuriki kiasi cha kutajwa. Vilevile kufukuza hakuna maana ya kuondoa. Sisimizi waliozuiwa kwenye kabati la jikoni huzunguka, na mara nyingi safari yao huishia kwenye chumba cha mtu ambaye hakushirikishwa katika mpango huo.

Makopo ya maji chini ya miguu ya kabati ni njia ninayoiheshimu kuliko viungo vyote nilivyovitaja. Kabati la bibi yangu lilisimama ndani ya makopo manne ya maziwa miaka yote niliyolijua, na sukari yake haikuingiliwa. Kabati lisiguse ukuta, na kitambaa kisining'inie mpaka chini, kwa sababu uzi mmoja unatosha kuwa daraja. Tone la sabuni kwenye kila kopo huondoa ile ngozi ya maji niliyoieleza, ili sisimizi wasivuke kwa kuelea. Lakini maji yaliyotulia ni kitalu cha mbu, na yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi katika joto letu. Maji yamwagwe na kopo lisuguliwe kila baada ya siku tatu au nne.

Dawa zinazoua, na zinazoweza kuua zaidi ya sisimizi

Mafuta ya taa huua sisimizi papo hapo, na hakuna anayelibisha hilo. Hoja ni kwamba yanaua wale waliotumwa sokoni tu, na kwa malipo hayo nyumba inabaki na harufu, na hatari ya moto karibu na jiko la mkaa, na mara nyingi chupa ya soda yenye mafuta ya taa iliyoachwa chini ya meza. Mtoto anayekunywa mafuta ya taa huumia mapafu, kwa kuwa mafuta hayo huteleza kwa urahisi kuingia kwenye njia ya hewa. Asilazimishwe kutapika wala asinyweshwe maziwa kwa nia ya kumtapisha, maana kutapika huyarudisha mafuta na kuyapa nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja.

Chaki za wadudu zinazouzwa mitaani huonekana salama kwa sababu zinafanana na chaki za mwalimu. Zile zinazoua kweli zimechanganywa na viuadudu vya kiwandani, mara nyingi vya aina inayoiga nguvu ya pareto, na nyingi huuzwa bila maelezo ya kilichomo. Chaki ya kawaida ya shule huvuruga njia kwa muda kama majivu, basi. Ubaya wa ile nyingine ni kule kufanana: mtoto anayeiokota hajui kwamba hii si ya kuandikia, na wanaomlea huwa wameiweka kwenye rafu ileile ya kalamu.

Katika mikoa yetu kuna tatizo jingine ambalo sehemu nyingine za nchi hazina kwa kiasi hiki. Msimu wa korosho huacha mabaki ya dawa katika nyumba nyingi za Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea na kwingineko: salfa iliyobaki kwenye mfuko na viuatilifu vya maji vilivyobaki kwenye kichupa. Salfa ni ya kuzuia ubwiriunga, ambao ni ugonjwa wa kuvu kwenye mikorosho. Haikutengenezwa kwa sisimizi, na unga wake ukitawanywa ndani ya nyumba huwasha macho na kukereketa kifuani. Viuatilifu vya maji ni hatari zaidi, kwa kuwa vipimo vyake vimewekwa kwa kupuliziwa shambani, mahali penye upepo, na mtu aliyejifunika. Sakafu anayotambaa mtoto haikuwamo katika hesabu hiyo.

Maji yanayochemka juu ya kiota kilichopo nje huua walio karibu na uso, pamoja na mizizi ya kilichopandwa hapo, na mara nyingi hayafiki alipo malkia. Kuchoma kwa moto ndiyo kabisa. Wazee wengi wa pwani huchukia kuchoma sisimizi kwa sababu za imani, na kwa bahati nzuri sababu za imani na za kiufundi zinakubaliana hapa.

Chambo, na ugumu wa kusubiri

Sasa tunaweza kufika kwenye kundi la tatu, lile la mseto. Ili dawa ifike kwa malkia, ni lazima ipelekwe na vibarua wenyewe, na ili waipeleke, ni lazima isiwaue haraka. Sisimizi hulishana mdomo kwa mdomo. Anayerudi na tumbo lililojaa humgawia mwenzake, naye humgawia mwingine, mpaka majimaji yale yanafika kwa mabuu na kwa malkia. Sumu kali hukatiza mnyororo huo njiani. Kwa hiyo dawa inayomaliza kiota ni ile ambayo siku ya kwanza inaonekana haifanyi kitu.

Kinachofaa kutengenezwa nyumbani kwa kazi hiyo ni maji ya sukari yenye asidi ya boriki, unga mweupe unaoweza kuulizwa kwa mfamasia. Kiasi kinachofaa ni takribani asilimia 1 ya boriki katika maji yenye asilimia 10 ya sukari. Kwa vipimo vya jikoni, hiyo ni nusu lita ya maji ya uvuguvugu, vijiko vinne vya chakula vya sukari na kijiko kimoja cha chai cha boriki, vyote vikiwa vya kusawazishwa, vikorogwe mpaka viyeyuke. Kishawishi cha kuongeza boriki ili «ikaze» ndicho kinachoharibu kazi, kwa kuwa mchanganyiko mkali huwaua wanaoubeba kabla hawajafika, au huwafanya waukatae. Lowesha kipande cha pamba, kiweke kwenye kifuniko, na kifuniko hicho kiwe ndani ya kopo lililotobolewa matundu madogo pembeni, kando ya njia yao. Boriki ni sumu kwa watoto, kuku na paka wakiila kwa wingi, kwa hiyo kopo liwekwe wasipofika, mabaki yaandikwe jina, na kijiko kilichotumika kisirudi kwenye chai.

Siku ya kwanza na ya pili sisimizi wataongezeka, pengine kwa wingi wa kutisha. Ndiyo ishara kwamba chambo kimekubaliwa, na ndipo watu wengi hushindwa kuvumilia na kuchukua dawa ya kupulizia, wakawaua wajumbe waliokuwa wanabeba kile walichokitega wenyewe. Usifute njia hiyo wala usimwage siki hapo. Siki na chambo havikai pamoja. Badilisha pamba kabla haijakauka, na tarajia wiki mbili, wakati mwingine zaidi.

Ikiwa hawakigusi, tatizo huenda ni ladha. Baadhi ya sisimizi, hasa wale wadogo wa kahawia ambao kati yao huonekana wachache wenye vichwa vikubwa kupita miili yao, na ambao husukuma vichungu vya mchanga kutoka kwenye nyufa za sakafu, hupenda mafuta na nyama kuliko sukari. Weka tone la asali na kipande cha dagaa kando kwa kando na utazame baada ya saa moja wamekimbilia wapi. Kwa wapenda mafuta, boriki kidogo sana huchanganywa na karanga zilizosagwa au korosho iliyopondwa.

Wapo pia wale wadogo mno wa manjano, wanaopenda nyufa za kuta na mahali penye joto. Hao wana malkia wengi, na wakipuliziwa dawa kali kundi hugawanyika, kila kipande kikaondoka na malkia wake na kuanzisha kiota kipya. Mtu aliyekuwa na msururu mmoja jikoni hujikuta ana mitatu: jikoni, bafuni na chumbani. Kwao chambo ndiyo njia pekee ninayoweza kuipendekeza bila kusita.

Kwa nini wameingia

Mvua hujaza viota vilivyo ardhini, na sisimizi huhama na mayai yao kutafuta pakavu. Kiangazi huwaleta kwa sababu ya pili, ambayo ni maji. Huko juu kwenye uwanda wa Wamakonde, ambako maji yenyewe ni ya kutafutwa, utawakuta wamezunguka mtungi na si sukari. Nao msimu wa korosho una harufu yake. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, yaliyorundikwa nyuma ya nyumba, na vyombo vya uraka, pombe ya mabibo hayo, vilivyosubiri kuoshwa, ni mwaliko kwa kila kiota kilicho jirani, na hakuna siki itakayoshindana nao. Ondoa mabibo kwanza.

Kuziba ufa kwa saruji ni kazi ya mara moja inayoshinda kazi ya kila siku, lakini izibe baada ya chambo kumaliza kazi yake. Angalia pia mpapai, mpera au mihogo iliyo karibu na ukuta. Ikiwa sisimizi wanapanda na kushuka humo, huenda wanafuga vidukari au vidung'ata, wadudu wanaonyonya utomvu na kutoa maji matamu ambayo sisimizi huyakinga kama mtu anavyokamua ng'ombe. Mmea ukipuliziwa maji ya sabuni na wanyonyaji hao wakapungua, safari za ukutani nazo hupungua.

Kwa maji moto shauri langu ni tofauti kabisa: waacheni. Wanauma, kisha hunyunyiza asidi juu ya kidonda, na aliyewahi kupanda mwembe wenye kiota chao hahitaji kuelezwa asili ya jina. Lakini juu ya mkorosho wao ni walinzi dhidi ya mbu wa mikorosho na wanyonyaji wengine wa machipukizi na korosho changa, jambo ambalo watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, wamelifanyia kazi. Nchini China wakulima wa machungwa waliwatumia ndugu zao hao hao, na habari hiyo imeandikwa tangu mwaka 304. Tawi likigusa paa, kata tawi. Kiota kibaki. Na wale sisimizi wa vichwa vikubwa niliowataja ni maadui wao wakubwa, kwa hiyo kuwapunguza chini ya mti ni kumsaidia mlinzi.

Siafu nao wana kanuni yao. Hawaji kwa ajili ya sukari, bali kwa ajili ya mende, buibui na chochote chenye nyama kisichoweza kukimbia. Wakiingia usiku, toa watoto wachanga, wagonjwa, kuku wanaoatamia na mbuzi waliofungwa, kisha wapishe. Kwa kawaida hupita ndani ya saa kadhaa, na nyumba hubaki bila mende, huduma ambayo fundi angeitoza fedha.

Imani moja inahitaji kuguswa kabla sijafika kwenye sukari yenyewe. Husemwa kwamba sisimizi wakikusanyika kwenye mkojo, mwenye mkojo huo ana kisukari. Matabibu wa kale wa India waliliona hilo na kuliandika, na ni kweli kwamba mkojo wenye sukari nyingi huwavuta. Lakini sisimizi hufuata pia chumvi na unyevu, na mtu anaweza kuwa na kisukari bila sukari kuonekana kwenye mkojo wake. Kwa hiyo kuwaona kusimtie mtu hofu, na kutowaona kusimpe amani. Kipimo cha tone la damu kwenye zahanati ndicho kinachojibu swali hilo.

Kuhusu sukari iliyokwisha kuingiliwa, isambazwe kwa tabaka jembamba kwenye sinia na kuwekwa juani. Sisimizi hawavumilii jua kali, wataondoka wenyewe kwa muda mfupi, na sukari ichekechwe na kuhamishiwa kwenye chombo chenye kifuniko cha kukaza. Ikiwa chambo cha boriki kilikuwa kimetegwa karibu na sukari hiyo, usijaribu kuiokoa. Itupe, uoshe kopo kwa sabuni, ndani na nje, pamoja na rafu lilipokuwa limekaa.